Saa 60 za kungoja fundi: kisa cha makao ya wazee ya Hollywood Hills, Florida

Kiyoyozi kilizima Jumapili, tarehe 10 Septemba 2017, saa tisa alasiri hivi. Simu ya kwanza ya kuita gari la wagonjwa ya usiku ule wa maafa ilipigwa saa tisa usiku wa kuamkia Jumatano. Katikati kuna saa 60, na uchambuzi huu ni wa hizo saa 60: nani alifanya nini, nani alingoja nini, na ilikuwaje makao yenye wauguzi, yenye mpango wa dharura ulioandikwa, tena yenye hospitali kubwa upande wa pili wa maegesho ya magari, yakapoteza wazee 12 kwa joto.

Makao yaliitwa Rehabilitation Center at Hollywood Hills. Yalikuwa katika mji wa Hollywood, kaunti ya Broward, kusini mwa Florida (siyo ile Hollywood ya sinema, ambayo iko California). Jengo lilikuwa la sakafu mbili, leseni ya vitanda 152. Waliolala humo ni wale wanaohitaji uuguzi mchana na usiku: wasioweza kutoka kitandani bila kusaidiwa, wenye dimenshia (ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na akili), waliopata kiharusi, wanaolishwa na kugeuzwa. Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi walioko Marekani wameanzia maisha kwenye sakafu kama hizo, na kozi ya CNA (msaidizi wa muuguzi) mkononi, kwa hiyo nadhani wasomaji kadhaa wa makala haya wanaijua harufu ya mahali pale bila mimi kuieleza.

Kimbunga Irma kilitua kwenye visiwa vya Florida Keys asubuhi ya tarehe 10 kikiwa cha daraja la nne, kisha kikapanda kwa upande wa magharibi wa jimbo. Hollywood iko mashariki, kwa hiyo ilipata pembe tu ya kimbunga. Jengo halikubomoka wala halikufurika. Hata umeme haukukatika wote. Kilichoharibika ni fyuzi ya transfoma moja, na transfoma hiyo ndiyo iliyolisha mtambo wa kupoza hewa ya jengo zima. Taa ziliendelea kuwaka.

Hapo ndipo kisa kinapokuwa kigumu. Dharura hii haikuwa na sura ya dharura. Kila anayefanya kazi kwenye makao ya wazee amefanya mazoezi ya giza: umeme unakatika, jenereta inanguruma, mtu anakimbilia kwenye mashine za oksijeni. Zoezi la taa kuwaka huku hewa ikichemka polepole halifanywi mahali pengi. Jenereta ya makao yale haikuunganishwa na kiyoyozi, na sheria ya Florida ya wakati huo haikudai iunganishwe.

Kilichofanywa

Haki itendeke: wafanyakazi hawakukaa tu. Waliipigia kampuni ya umeme, wakaambiwa mafundi watakuja. Wakapiga tena. Walileta feni na mashine za kupozea za kubebeka, zile zenye bomba la kutolea hewa ya moto. Jumatatu na Jumanne makao yalipiga hadi namba ya simu ya mkononi ya gavana Rick Scott, ambayo mwenyewe alikuwa ameitoa kwa wenye makao ya wazee kabla ya kimbunga, na wakaacha ujumbe wa sauti. Ofisi ya gavana ilisema baadaye kwamba simu hizo zilipelekwa kwa idara zinazohusika, na kwamba hakuna aliyesema wazee wako hatarini. Ujumbe wenyewe ukawa umeshafutwa, jambo lililozua mabishano yake. Kwa uchambuzi huu kilicho muhimu ni kwamba ombi lote, kila lilipopigwa, lilikuwa moja: leteni fundi.

Sasa tazama mashine moja ya kupozea kwa karibu. Inanyonya hewa ya chumba, inaipoza, inaitoa mbele. Joto lililotolewa halipotei. Linatoka nyuma kwa bomba nene kama paja la mtu, na bomba hilo lazima lipelekwe nje ya jengo, dirishani au ukutani. Ukiliacha humo humo ndani, mashine inapoza uso wako na kuchoma mgongo wa aliye nyuma yako. Mhandisi aliyetoa ushahidi upande wa serikali katika kesi ya baadaye ya kuyafutia makao leseni alieleza kwamba pale Hollywood Hills mabomba yalielekezwa juu ya dari. Hewa ya moto ya sakafu ya chini ikaingia kwenye uwazi ulio kati ya dari na sakafu ya pili. Waliokufa wengi walikuwa sakafu ya pili.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu kuliko mengine yote katika kisa hiki. Mtu anayesukuma mashine ile hadi kwenye korido ya chini, akaichomeka, akainua bomba akalisokomeza kwenye dari, bila shaka aliondoka akiwa ameridhika kwamba amesaidia. Waliokuwa chini walipata afueni kidogo. Kifaa cha usalama kilichofungwa vibaya kilihamisha hatari kutoka kwa wenye nafuu kwenda kwa wanyonge zaidi, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kupanda ngazi na kipimajoto kuona matokeo yake.

Joto linavyomuua mzee

Kijana wa Mombasa au Dar anaweza kuuliza: nyuzi 35 ndiyo nini, si Februari yetu hiyo? Swali la haki. Ila kijana hutoka jasho, husikia kiu, huvua shati, husogea kivulini, hufungua dirisha. Mzee wa kitandani amenyang'anywa njia hizo zote moja baada ya nyingine. Tezi za jasho zimepungua nguvu. Kiu haimjii kama zamani. Dawa za presha za kukojoza zinamkausha maji. Dawa nyingi za magonjwa ya akili na baadhi ya dawa za kibofu zinazuia jasho au zinavuruga uwezo wa ubongo kudhibiti joto. Amelala juu ya godoro lenye kifuniko cha plastiki, amefungwa pedi, na ili mgongo wake upate hewa mtu mwingine lazima aje amgeuze.

Feni haimsaidii kama inavyodhaniwa. Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, feni inaondoa joto. Hewa ikikaribia nyuzi 35 za Selsiasi na kupita, inamsukumia moto, na kama hana jasho la kukauka, faida inakuwa ndogo au haipo kabisa.

Joto la ndani la mwili likizidi nyuzi 40 na ubongo ukaanza kuvurugika, hicho ni kiharusi cha joto, na dakika zinahesabika. Dalili zake za kwanza ni kusinzia, kuchanganyikiwa, kukataa chakula, kutoitikia haraka. Kwa mwalimu wa shule dalili hizo zinashtua. Kwenye wodi ya dimenshia ndiyo hali ya kila siku. Bibi aliyelala saa nne usiku na hakujibu alipoitwa: amelala? Amepoteza fahamu? Bila kumgusa na kupima, huwezi kujua, na mhudumu mwenye wazee wengi wa kuwapitia atachagua jibu linalomwezesha kuendelea na kitanda kinachofuata.

Usiku ule, baada ya simu ya saa tisa, ikaja nyingine saa kumi hivi, kisha nyingine. Waliokuja na magari ya wagonjwa walikuta mgonjwa mwenye joto la mwili la zaidi ya nyuzi 107 za Farenhaiti, takribani 42 za Selsiasi. Wauguzi wa Memorial Regional, hospitali ya jirani, walipoona wagonjwa wanaletwa mmoja baada ya mwingine kutoka jengo lile lile, wakiwa na joto lile lile, hawakungoja kuitwa. Walivuka maegesho wenyewe wakaingia ndani kuangalia. Asubuhi hiyo wazee zaidi ya 140 walitolewa. Idara ya afya ya jimbo ilitaja joto la wagonjwa wanne waliofikishwa hospitalini: Farenhaiti 107, 108.3, 108.5 na 109.9. Hiyo ya mwisho ni zaidi ya 43 za Selsiasi, na vipimajoto vingi vya homa vinaishia hapo hapo.

Vifo vilivyohesabiwa kuwa mauaji, kwa maana ya kitabibu ya kifo kilichosababishwa na matendo au uzembe wa wengine, vilikuwa 12. Mdogo wao alikuwa na miaka 57, mkubwa 99.

Faili lilivyosema

Huduma kwa wazee inakaguliwa kwa karatasi. Mkaguzi hawezi kuwepo saa nane usiku. Anachosoma ni kile kilichoandikwa na zamu ya saa nane usiku. Ndiyo maana sehemu ya kisa hiki inayopaswa kuwakera wauguzi kuliko wengine wote ni ya mafaili.

Idara ya jimbo inayosimamia makao hayo, katika amri yake ya kusimamisha leseni, ilisema kwamba kuna maandishi yaliyoongezwa kwenye mafaili baadaye yakionyesha joto la mwili lililo salama, wakati wagonjwa hao hao walikuwa ng'ambo, katika chumba cha dharura, wanakufa wakiwa na joto la zaidi ya 108. Pia kulikuwa na maandishi ya kuchelewa yaliyosema mgonjwa amepumzika kitandani, anapumua sawasawa bila shida, ilhali kwa mujibu wa idara alikuwa ameshakufa.

Kuandika baada ya tukio si kosa lenyewe. Kila muuguzi ameshaandika saa moja baadaye kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Unaandika saa ya tukio, saa ya kuandika, na sahihi. Ubaya ni sentensi inayojiandika yenyewe. "Amepumzika, anapumua vizuri" ni sentensi ambayo mkono unaijua kabla jicho halijamtazama mgonjwa. Ukifungua mafaili ya makao yoyote utaikuta imerudiwa kurasa kwa kurasa, na mara nyingi ni kweli. Ila kwa sababu inaandikwa hivyo hivyo mgonjwa akiwa mzima na akiwa anakufa, haimwambii anayeisoma chochote. Namba ya kipimajoto, yenye saa yake, ingesema.

Tena, makao yalikuwa na kiwango chenye namba. Kanuni za serikali ya shirikisho zinataka mazingira salama na yenye starehe, na kwa makao yaliyosajiliwa baada ya tarehe 1 Oktoba 1990 zinataja kiwango cha Farenhaiti 71 hadi 81, yaani takribani 22 hadi 27 za Selsiasi. Namba hiyo ipo kwenye kitabu cha kila mkaguzi. Inachokosa ni sentensi ya pili: ikipita 81 kwa saa kadhaa, nani anafanya nini? Kiwango kilikuwa cha kumwambia mkaguzi makao yako sawa au hayako sawa. Hakikuwa cha kumwambia muuguzi wa zamu ahamishe watu.

Na zamu zina tabia yake. Anayeingia kazini saa tano usiku anakuta jengo tayari lina joto. Anapokabidhiwa anaambiwa, "kiyoyozi bado, mafundi wanakuja." Joto la zamu iliyopita linakuwa hali ya kawaida ya zamu inayoingia. Baada ya kupokezana mara kadhaa hakuna aliyeona jengo likitoka kwenye baridi kwenda kwenye moto; kila mmoja ameona tofauti ya nyuzi moja au mbili tu. Hii ni tafsiri yangu, lakini sijui njia nyingine ya kueleza jinsi watu waliosomea uuguzi wanavyoweza kupita vitandani kwa saa 60 bila mmoja wao kusema basi, tunatoka.

Kwa nini hawakuhamishwa

Lawama nyepesi ni kusema walikuwa wazembe, wangehama mapema. Kabla ya kusema hivyo inafaa kukumbuka wenye makao walifundishwa nini na vimbunga vya nyuma.

Mwaka 2005, Katrina ilipokaribia, makao ya St. Rita's katika St. Bernard Parish, Louisiana, hayakuhama. Maji yakaingia, wakafa 35. Wenye makao walishtakiwa, na mwaka 2007 baraza la wazee wa mahakama likawaachia huru. Wiki chache tu baada ya Katrina ikaja Rita, na safari hii watu wa Texas hawakutaka kubahatisha. Wazee wa makao ya Bellaire, karibu na Houston, walipakiwa kwenye basi kuelekea kaskazini. Tarehe 23 Septemba basi liliwaka moto barabarani karibu na Dallas, likiwa na mitungi ya oksijeni ndani, na 23 wakafa. Watafiti waliofuatilia wakazi wa makao kupitia vimbunga kadhaa vya Ghuba ya Mexico wakakuta kwamba kuhamishwa kwenyewe kunaongeza vifo, hasa kwa wenye dimenshia. Safari ndefu, dawa zilizochelewa, kitanda kigeni, muuguzi asiyemjua mgonjwa: kila kimoja kinachukua chake.

Kwa hiyo meneja anayesitasita kuhamisha ana sababu. Katika vikao vya mafunzo anasikia kwamba kubaki mara nyingi ni salama zaidi, na hiyo ni kweli.

Tatizo la Hollywood Hills, ninavyoliona, ni kwamba mpango uliwaza mambo mawili tu, kubaki wote au kuondoka wote, na kuondoka kulimaanisha mabasi na safari. Haukuwa na neno kuhusu kuwashusha watu wa juu. Kuwakusanya dhaifu zaidi kwenye chumba kimoja kilichofungiwa mashine zote za kupozea, mabomba yakiwa yametolewa nje kwa usahihi, kungewezekana Jumatatu asubuhi. Kuvusha wagonjwa 10 au 20 walio hoi hadi hospitali ng'ambo ya maegesho, kwa viti vya magurudumu, kulikuwa ni kazi ya nusu saa. Hakuna barabara kuu, basi wala mtungi wa oksijeni unaosafirishwa kilomita 400. Lakini kuhama nusu hakukuwa kwenye karatasi, na usiku wa dharura watu hufanya kilicho kwenye karatasi.

Kuna kingine kinachowazuia watu, ambacho mipango ya dharura haikitaji kwa sababu kinaaibisha. Kumpeleka mzee hospitalini kunaonekana kama kukiri kwamba nyumba yako imeshindwa. Idadi ya waliopelekwa hospitali inahesabiwa na kuonekana na wakaguzi na bima. Muuguzi wa zamu anajua meneja hapendi. Meneja anajua mwenye mali hapendi. Hakuna aliyetoa amri ya kutowapeleka. Kila mmoja anajizuia mwenyewe kwa niaba ya aliye juu yake.

Yaliyofuata

Leseni ilisimamishwa mwezi huo huo na makao yakafungwa. Kesi ya kufutwa leseni ilisikilizwa na jaji wa masuala ya kiutawala, Mary Li Creasy, aliyependekeza mwishoni mwa 2018 kwamba ifutwe. Ikafutwa Januari 2019.

Sheria ilikuja haraka kuliko kawaida, kisha ikajikwaa. Siku chache baada ya vifo, gavana alitoa kanuni ya dharura akitaka makao yote yawe na jenereta za kupoza hewa ndani ya siku 60. Wenye makao walikwenda kulalamika kwamba hakuna mkandarasi anayeweza kufunga mitambo ya namna hiyo katika jimbo zima kwa miezi miwili, na Oktoba 2017 jaji akaitupa kanuni. Kwa kweli walikuwa na hoja. Bunge la jimbo likaipitisha upya Machi 2018 kwa muda mrefu zaidi. Ilivyo sasa, makao ya uuguzi Florida lazima yaweze kuweka joto lisizidi Farenhaiti 81 kwa saa 96 umeme ukikatika. Hayalazimiki kupoza jengo zima. Yanaruhusiwa kuwa na eneo moja la baridi, alimradi kila mkazi apate angalau futi 30 za mraba, karibu mita tatu za mraba. Yaani wazo lile la kuwakusanya wote kwenye chumba kimoja, ambalo halikuwa kwenye mpango wa Hollywood Hills, ndilo ambalo sheria ilikuja kuliwekea vipimo.

Serikali ya shirikisho nayo ilikuwa imeshaandika kanuni mpya ya maandalizi ya dharura, iliyotaka makao yawe na njia mbadala ya nishati ya kulinda joto salama kwa wakazi. Ilitolewa Septemba 2016. Tarehe ya mwisho ya kuitimiza ilikuwa 15 Novemba 2017, miezi miwili baada ya vifo hivi. Hata hivyo haidai jenereta ya kiyoyozi: makao yasiyoweza kupoza yanaweza kupanga kuhama, na hapo tunarudi kwenye mabasi.

Upande wa jinai haukufika popote. Agosti 2019 wafanyakazi wanne, akiwemo meneja, walikamatwa. Mwaka 2022 wauguzi watatu walifutiwa mashtaka. Meneja alifikishwa mbele ya mahakama mapema 2023, na upande wa mashtaka ulipomaliza ushahidi wake jaji aliona hautoshi, akamwachia huru hata kabla ya utetezi kuanza. Familia zilivunjika moyo, na ninaelewa. Lakini sheria ya jinai inatafuta mtu mmoja ambaye kutojali kwake kulivuka mpaka, na katika kisa hiki kila mtu alikuwa na ushahidi kwamba alijali: orodha ya simu alizopiga, feni alizoleta, ahadi alizopewa. Kufutwa kwa leseni kulisimamia swali tofauti, kwamba je, nyumba hii ilitimiza wajibu wake kwa wakazi, na jibu la swali hilo halikuhitaji mwovu.

Na tusidhani kwamba ilikuwa nyumba moja mbovu. Mwaka 2020 watafiti walitoa matokeo ya kulinganisha wakazi wa makao ya uuguzi ya Florida waliopitiwa na Irma na wenzao wa mwaka 2015, usiokuwa na kimbunga. Vifo vya ziada vilikuwa 262 ndani ya siku 30, na 433 ndani ya siku 90. Wengi wao hawakupigwa picha na televisheni wala kuandikiwa hati ya mauaji. Huenda waliandikwa moyo, mapafu, uzee.

Hesabu ya zamu

Ningekuwa nafanya ukaguzi wa makao leo, iwe Florida au kokote kwenye joto, nisingeanza na jenereta. Ningeomba karatasi ya joto la vyumba ya mara ya mwisho kiyoyozi kilipoharibika hata kwa saa tatu. Vyumba vingapi vilipimwa? Sakafu ya juu ilipimwa, au kipimajoto kilibaki ukutani kwenye dawati la wauguzi, mahali penye feni? Joto la wakazi je, lilichukuliwa kwa wote au kwa wale tu walioonekana wagonjwa? Kama karatasi haipo, makao hayana mpango wa joto, hata mpango ukiwa umechapwa na kupigwa muhuri.

Kisha ningemchukua muuguzi wa zamu ya usiku kando, mbali na meneja, nimuulize: vyumba vya juu vikifika nyuzi 29 saa saba usiku na bosi hapokei simu, una ruhusa ya kuita magari kumi ya wagonjwa bila kumuuliza mtu? Anayejibu "ndiyo" bila kutazama mlango ameshaambiwa hivyo kabla, kwa maneno, na mtu mwenye uwezo wa kumfukuza kazi. Anayesema "ningempigia tena kwanza" anaeleza usiku wa Jumanne wa Hollywood Hills, na hapo ndipo ripoti yangu ingeanzia, kabla ya kuhesabu lita za dizeli.

Namba mbili ningetaka ziandikwe kwenye karatasi ile ile ya zamu: joto la chumba ambalo likifikiwa wakazi wa juu wanashushwa, na joto la mwili la mkazi mmoja ambalo likifikiwa wote wa sakafu hiyo wanapimwa papo hapo. Chini yake cheo cha mwenye kuamuru usiku huo, siyo cha mwenye kuarifiwa.